Dagaa wa Kaengesa na Bahari Yetu



Katika mkutano wetu uliopita mwenzetu mmoja alisimama akauliza, kwa adabu lakini kwa ukali, kwa nini jarida hili la wakulima wa karafuu limeanza kusema habari za bahari. "Sisi ni watu wa mashamba," alisema. "Bahari ina wenyewe. Tuandikieni bei, tuandikieni miche, tuandikieni barabara za kutolea mazao." Wengi walimpigia makofi, na sisi tunaoandika ukurasa huu hatukuwa na jibu zuri siku ile. Leo tunalo. Tena tumelipata mahali ambapo hatukutazamia kabisa, yaani sokoni Kaengesa, katika nchi ya Ufipa, mkoa wa Rukwa, ambako mtu aweza kuzaliwa, akazeeka na akafa asiione bahari hata siku moja.

Tulikwenda huko mwezi wa Juni, sisi wawili wa halmashauri, kumtazama kijana wetu anayesomesha katika shule ya huko. Kutoka Dar es Salaam gari hupita Morogoro, Iringa na Mbeya, hufika Tunduma penye mpaka wa Zambia, kisha huishika njia ya Sumbawanga. Nchi hupanda, na ikishapanda hupanda tena, hata abiria akadhani dereva amekusudia kumpeleka mbinguni. Ufipa ni uwanda mpana ulioinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, wenye miti michache na upepo mwingi, na usiku wa Juni baridi yake ni ya kulala na mablanketi mawili na koti juu yake. Upande wa magharibi uwanda huo huteremka mpaka Ziwa Tanganyika, na upande wa mashariki huteremka mpaka Ziwa Rukwa. Kaengesa ipo juu, baina ya maziwa hayo mawili.

Tulikuwa tumechukua karafuu kuwa zawadi. Wenyeji walizijua sana, za kutia katika chai na za kutuliza jino, lakini walistaajabu walipoambiwa kwamba karafuu ni ua ambalo halijafunuka. Mzee mmoja alilishika moja akaligeuza-geuza kwa muda mrefu, kisha akatuuliza mti wake una urefu gani. Tulipomwambia kwamba mchumaji hupanda juu yake na hushusha matawi kwa kamba, alitikisa kichwa akasema kazi hiyo yawafaa nyani. Tulicheka pamoja naye, ingawa si sana.

Jambo lililotufurahisha sisi wakulima ni ukulima wao. Mfipa tangu zamani hulima kwa vilima vya duara. Mvua zinapokaribia kwisha na majani yamerefuka, yeye hukata ngozi ya ardhi pamoja na majani yake, huipindua, huirundika, majani yakawa ndani na udongo ukawa juu. Juu ya rundo hilo aweza kupanda maharage. Ndani yake majani huoza polepole. Msimu mwingine ukifika hulivunja, huusambaza udongo wake, na hapo hupanda ulezi au mahindi juu ya mbolea ambayo hakuinunua. Kwa njia hiyo watu wameishi vizazi vingi katika ardhi ambayo kwa asili yake haina rutuba nyingi. Siku hizi plau za ng'ombe na mbolea za dukani zimeingia, lakini vilima hivyo bado huonekana. Twamwomba msomaji akiweke kilima hiki akilini, kwani tutakirudia.

Basi tukaenda sokoni. Watu wa Kaengesa hula ugali kwa maharage, kwa mboga za majani, na kwa dagaa. Dagaa hao ni wa Ziwa Tanganyika, huvuliwa usiku kwa taa, huanikwa juani, kisha hupandishwa kwa magari kutoka Kasanga na vijiji vingine vya ufukweni. Tulimkuta mama mmoja akipima dagaa kwa kikombe kidogo. Tulipouliza bei tulidhani hatukusikia vizuri, tukauliza tena. Sisi si wageni wa bei ya samaki, lakini bei ile kwa dagaa wakavu ilitushitua.

"Wazee wangu," akasema yule mama, "mimi nilianza kuuza hapa kwa sado. Leo nauza kwa kikombe. Ziwa limechoka."

Sado ni kopo kubwa ambalo watu wa bara hupimia nafaka, kama sisi tulivyozoea pishi. Tofauti ya sado na kikombe haihitaji hesabu. Lakini lile neno la kuchoka lilitukaa moyoni. Bahari twaijua hukasirika, hutulia, hujaa na hukupwa. Hatukupata kusikia kwamba maji huchoka. Usiku ule, tukiota moto, tulimwuliza kijana wetu, naye alitueleza vizuri hata tukamwambia hayo ndiyo tutakayowaandikia wenzetu.

Ziwa Tanganyika ni refu, karibu kilomita 670 kutoka kaskazini hata kusini, na kina chake hufika kama mita 1,470. Katika maziwa yote ya dunia ni moja tu, lile la Baikal huko Urusi, lililo na kina kupita hilo. Lakini samaki hawakai katika kina hicho chote. Maji ya juu peke yake, mita mia moja au mia mbili hivi, ndiyo yenye oksijeni ya kutosha kiumbe kuvuta pumzi. Chini ya hapo ni giza lisilo na samaki. Hata hivyo huko chini ndiko iliko mbolea ya ziwa zima, kwa sababu kila kinachokufa juu, kikiwa jani au samaki au mdudu, huzama na kuoza huko. Juu kuna mwanga wa jua lakini chakula ni haba. Chini kuna chakula tele lakini mwanga hakuna. Mimea midogo ya majini, midogo hata jicho haliioni, haiwezi kumea ila vitu hivyo viwili vikutane. Na mimea hiyo ndiyo huliwa na vidudu vya majini, na vidudu huliwa na dagaa, na dagaa huliwa na migebuka, na wote wawili huliwa na watu wa Kaengesa.

Ni nani basi anayeipandisha mbolea ile? Mwanachama yeyote aliyewahi kupanda chombo atalijua jina lake: ni Kusi. Upepo ule ule wa kusini na mashariki unaotuvumia sisi visiwani kutoka mwezi wa Mei hata Septemba hupita pia juu ya Ziwa Tanganyika katika miezi hiyo hiyo, ijapokuwa wavuvi wa huko wana majina yao. Huyasukuma maji ya juu yenye joto kwenda upande wa kaskazini, na nafasi yake kule kusini, upande wa Kasanga na Mpulungu ya Zambia, hujazwa na maji ya baridi yanayopanda kutoka chini na mbolea yake. Upepo ukiisha, maji huyumba kurudi, kama maji ya ndoo iliyotikiswa, na ziwa lote hupata sehemu yake.

Msomaji sasa akirudie kile kilima cha Mfipa. Ziwa nalo ni shamba. Mbolea yake imefukiwa chini, na jembe la kuipindua ni Kusi. Lakini jembe halipindui udongo uliokuwa mgumu, na joto ndilo linaloyafanya maji kuwa magumu kupinduliwa. Maji ya moto ni mepesi, hukaa juu ya maji ya baridi kama mafuta yakaavyo juu ya mchuzi. Kadiri ya juu yanavyozidi joto ndivyo yanavyozidi kuwa mepesi, na upepo ule ule wa zamani, ukivuma kwa nguvu zile zile, hauwezi tena kuyachanganya na ya chini. Shamba lina mbolea, mkulima ana jembe, na jembe haliingii.

Haya si maneno ya kuotea moto tu. Joto la ziwa lile lilipimwa na wataalamu zamani sana, katika mwaka 1913, na vipimo vyao vikahifadhiwa. Ndiyo sababu katika mwaka 2003 wataalamu wengine waliweza kuvilinganisha na vipimo vya siku hizi na kutangaza kwamba ziwa limepata joto, kwamba michanganyiko yake imepungua, na kwamba ile mimea midogo yamkini imepungua kumea kwa sehemu moja katika tano. Kwa hesabu yao, upungufu huo waweza kuwapunguza samaki kwa kiasi cha thuluthi hivi. Katika mwaka 2010 wengine walisoma tope la chini ya ziwa, ambalo hujipanga mwaka juu ya mwaka, wakaona kwamba joto la maji ya juu limepita joto lolote la miaka 1,500 iliyotangulia. Na katika mwaka 2016 ikatangazwa kwamba mabaki ya samaki na konokono katika tope hilo yalianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara kuanza, na kwamba katika sehemu zilizochunguzwa, chini ya ziwa penye oksijeni pamepungua kwa asilimia 38 tangu mwaka 1946.

Hapa twataka kusema maoni yetu waziwazi, maana hapa ndipo penye ugomvi. Katika mwaka 2024, tangu tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa makubaliano ya nchi zenye ziwa, ambazo ni Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaa. Sisi hatuwalaumu waliofunga. Wavuvi wameongezeka sana, nyavu za macho madogo zimeongezeka, na samaki wasiopewa nafasi ya kuzaa hawatazaa kwa maneno matupu. Lakini twaona si haki mvuvi wa Kasanga au Kirando kuambiwa kwamba yeye peke yake ndiye aliyelimaliza ziwa. Yeye hakuyapasha maji moto. Kama ukifunga shamba lisilopinduliwa, ulifunge miezi mitatu au mitatu mara tatu, shamba litapumzika lakini mbolea itabaki chini. Na mvuvi ambaye ameambiwa nusu ya habari, siku atakayoona amekaa ufukweni msimu mzima na dagaa hawakurudi kama alivyoahidiwa, hataamini tena neno lolote la serikali wala la mtaalamu. Hilo ndilo tunaloliogopa.

Twamwogopa pia mvuvi wa aina ya pili, naye yupo kisiwani kwetu tele. Huyu akisikia habari za joto hufurahi, kwani amepata kisingizio. "Samaki wamekwisha kwa sababu ya tabianchi," asema, huku juya limo chomboni na mtoto wake anaponda matumbawe kwa mti. Joto halijamruhusu mtu kuvunja nyumba ya samaki. Mgonjwa wa homa hapigwi teke eti kwa kuwa atakufa kwa homa.

Tumesema kisiwani kwetu, basi na tuirudie bahari. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za joto lililozidi duniani kwa sababu ya moshi wa viwanda, magari na makaa ya mawe limeingia katika bahari. Bahari Hindi ya magharibi, ambayo ndiyo yetu, imepata joto kwa kiasi cha digrii 1.2 katika majira ya Kusi kutoka mwaka 1901 hata mwaka 2012. Digrii moja na kidogo kwa mtu aliyekaa barazani si kitu. Kwa maji ya bahari nzima ni jambo kubwa sana. Na katika mwaka 2016 wataalamu waliochunguza bahari hii hii waliandika kwamba ile mimea midogo ya majini imepungua kwa kiasi cha hadi asilimia 20 katika miaka sitini. Sababu waliyoitaja ni ile ile: maji ya juu yamekuwa mepesi, hayachanganyiki na ya chini kama zamani. Tuliposomewa habari hii na kijana wetu tulitazamana. Yule mama wa Kaengesa alikuwa ametuuzia habari ya bahari yetu katika kikombe cha dagaa.

Ziwa limetangulia kwa kuwa ni kama bakuli: mtu aweza kulizunguka, kulipima na kulijua. Bahari ni pana, ina mikondo, hujificha, na kwa hiyo maradhi yake huchelewa kujulikana. Lakini dalili tumekwisha kuziona. Katika mwaka 1998 maji yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe kutoka Kenya mpaka Msumbiji, na ya Shelisheli, na ya hapa petu, yakapauka yakawa meupe kama mifupa. Tumbawe ni mnyama ambaye ndani yake hukaa mimea midogo inayomlisha. Maji yakizidi joto huifukuza mimea hiyo, hubaki na njaa, na joto likiendelea hufa. Mengine yalipona, mengine hayakupona. Katika mwaka 2016 yalipauka tena, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba upaukaji umeenea katika bahari zote za joto duniani. Mwamba uliokufa huvunjika, na samaki wa mwamba, changu na chewa na wenzao, hawana pa kukaa.

Wake zetu na binti zetu wanayajua haya kupita sisi, kwa ajili ya mwani. Kilimo cha mwani kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja katika mwaka 1989, na kwa miaka kadhaa ule mwani wa bei nzuri, waitwao kotoni, ulimea vizuri katika maji ya kina kifupi. Kisha maji ya maji kupwa yakaanza kuwa ya moto, mwani ukageuka mweupe, ukalainika na kukatika. Wengi wamebaki na aina ya spinosi, ambayo yavumilia zaidi lakini bei yake ni ndogo. Wengine wameambiwa wahamie maji ya kina kirefu, ambako pana haja ya mashua na kujua kuogelea, na ni wangapi katika mama zetu waliofundishwa kuogelea? Katika nyumba nyingi za wanachama wa chama hiki, fedha ya mwani ndiyo iliyonunua daftari za watoto katika miaka ambayo karafuu haikuzaa. Yule aliyesema bahari ina wenyewe akamwulize mkewe.

Kadhalika watu wa Kisiwa Panza, huko Pemba, wameona maji ya chumvi yakiingia katika mashamba yao, na wamepanda mikoko kuyazuia. Miamba yao ya pweza wamepata kuifunga kwa miezi kadhaa kwa hiari yao, wakaifungua wakapata pweza wakubwa. Hawakungoja amri.

Sasa twaja kwenye karafuu yenyewe. Mkarafuu hausimami baharini, lakini mvua yake hutoka baharini. Katika vuli ya mwaka 2019 maji ya upande wetu wa Bahari Hindi yalikuwa na joto kupita maji ya upande wa Indonesia kwa tofauti kubwa isiyo ya kawaida, na mvua za Oktoba hata Disemba zikaja kwa fujo katika Afrika ya Mashariki yote. Kila aliyekuwa na karafuu juu ya majamvi wakati ule anajua alivyokimbizana na mawingu, kuanika na kuanua, kuanika na kuanua. Karafuu iliyochumwa ikakosa jua hushika ukungu, hupoteza rangi, na mnunuzi haijui taabu yako, huitazama tu. Mwaka uliofuata mambo yakageuka: bahari ya upande wa pili ikapata joto, na Somalia, kaskazini ya Kenya na kusini ya Ethiopia zikakosa mvua misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020. Sisi hatukupatwa kama wao. Lakini ni bahari moja iliyotoa mafuriko na ukame huo, kama mkono mmoja unaoweza kumwaga maji na kuyazuia.

Wazee hawahitaji kukumbushwa habari ya tufani. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani ilipiga Unguja ikang'oa sehemu kubwa sana ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa shamba kubwa la karafuu. Tufani kubwa katika latitudo yetu ni adimu, nasi hatusemi kwamba ile ya 1872 ilitokana na moshi. Lakini tufani hula joto la bahari kama moto ulavyo kuni. Katika Aprili 2019 tufani Kenneth ilipita karibu na Ngazija, ikaharibu mengi, ikaenda kuipiga Msumbiji ya kaskazini. Komoro ni wakulima wa karafuu kama sisi. Katika Mei 2024 tufani Hidaya ilifika Mafia. Kutoka Mafia mpaka Unguja si mbali, na mti wa karafuu ukianguka leo, atakayepanda mwingine atangoja miaka sita au saba kabla hajaonja kitu.

Lakini tusimsingizie joto kila jani linaloanguka. Ugonjwa wa kufa ghafla ulipoishambulia mikarafuu yetu, watu walisema ni udongo, wakasema ni ukame, wakasema ni uzee wa miti, na wengine walisema ni husuda. Ilichukua miaka mingi, hata miaka ya 1950, ndipo wataalamu wakaona kwamba mwuaji ni kuvu. Miaka hiyo yote miti ilikuwa ikifa na watu wakibishana. Twaikumbusha habari hiyo kwa sababu twaona ubishi kama huo waja tena, na safari hii tusingojee mpaka mtu wa mbali aje kutuambia mashamba yetu wenyewe yana nini.

Wako wanaosema kwamba moshi si wetu, kwa hiyo kazi si yetu. Ni kweli moshi si wetu. Ukijumlisha magari yote, majiko yote na meli zote za visiwa hivi, hayafikii moshi wa mji mmoja mkubwa wa Ulaya, Marekani au China. Serikali zetu zina haki ya kudai fidia katika mikutano ya mataifa, na zikidai tuko nyuma yao. Lakini mdai hufika mbele ya kadhi na ushahidi mkononi. Wale wa Ziwa Tanganyika wana ushahidi kwa sababu mtu fulani katika mwaka 1913 alitumbukiza kipimajoto majini, akaandika alichokiona, na karatasi yake haikutupwa. Sisi, ambao tumechuma karafuu katika visiwa hivi kwa karibu karne mbili, tukiulizwa leo mikarafuu ilichanua lini katika mwaka 1990, au mvua ya vuli ilianza siku gani katika mwaka 2005, tutajibu nini? Tutasema, "Zamani haikuwa hivi." Hilo silo jibu la kumpa kadhi.

Kwa hiyo halmashauri imeleta hoja mbili mbele ya mkutano mkuu ujao, na ukurasa huu waziunga mkono zote mbili.

Hoja ya kwanza ni kwamba chama kinunue vipimamvua, kimoja kwa kila tawi, na daftari, na kipimajoto cha maji kwa matawi yaliyo karibu na pwani. Kila tawi lichague mtu mmoja, akiwa mwanamume au mwanamke, wa kuandika kila siku mvua iliyonyesha, na kila msimu tarehe ya kuchanua, tarehe ya kuanza kuchuma, na siku ambazo karafuu zilianuliwa kwa mvua. Gharama yake ni ndogo. Tumesikia mtu akisema fedha hiyo afadhali iende katika miche. Miche twaipenda, lakini mche unaopandwa bila kujua mvua ya miaka ishirini ijayo itakujaje ni bahati nasibu, na wengi wetu tumekwisha kupoteza miche mingi katika kiangazi kirefu.

Hoja ya pili itawaudhi wengine. Ni kwamba mwanachama asikate wala asinunue boriti za mikoko kwa kujengea kambi za wachumaji na vichanja vya kuanikia. Mikoko ndiyo inayozuia chumvi isipande mashambani, na ndiyo malezi ya kamba na samaki wachanga. Tunajua kwamba boriti ya mkoko ni ngumu, haililiwi na mchwa upesi, na baba zetu walijengea hiyo. Lakini mvinje waweza kupandwa katika kona ya shamba na kukatwa baada ya miaka michache. Halmashauri imekubali kutoa miche ya mvinje kwa atakayeomba. Mwenzetu mmoja wa halmashauri alipinga hoja hii mpaka mwisho, akisema kwamba chama cha karafuu hakina mamlaka juu ya mikoko. Huenda ana haki kisheria. Aseme mkutanoni, na asikilizwe.

Yule mwanachama aliyetuuliza swali twamwomba aje, aketi mbele, na atuulize tena. Tumemletea kikombe kimoja cha dagaa kutoka Kaengesa, kwa bei ya huko, na risiti hatukupewa.

Na wenye madaftari ya zamani ya baba zao au babu zao, ya hesabu za pishi, za wachumaji na za siku za mavuno, hata kama yameliwa na mende, twawasihi wasiyachome. Yaleteni kwa katibu siku ya mkutano. Atayanakili na kuyarudisha kwa wenyewe.